Kurasa Nane

Jumatatu, 4 Septemba 2000

Bwana Irungu, mwalimu wetu wa Kiswahili, ametuagiza sisi wa kidato cha tatu tuandike shajara muhula mzima. Ati mkono uzoee kabla ya mtihani. Amesema ataangalia tarehe tu, yaliyomo hatasoma. Kama hasomi, basi nitaandika ninavyotaka. Mimi ni Ndanu Musila. Shule yetu ni ya kutwa, hapa Kitengela. Mvua ya Aprili haikuja na sasa hata mbuzi wanakula karatasi.

Jumanne, 5 Septemba

Hesabu asubuhi, hesabu mchana. Vumbi katikati.

Alhamisi, 7 Septemba

Leo Madam Mugure, mwalimu wetu wa fasihi, ametugawia tamthilia ya mtihani. Vitabu havitoshi, kwa hivyo kila wawili wanasoma kimoja. Mimi nimewekwa na Sankale, ambaye kwao ni Bisil lakini anakaa kwa mjomba wake hapa ili asome. Kitabu chetu kimeng'olewa kurasa nane, kuanzia 61 hadi 68. Sankale anasema labda mtu alifungia njugu. Mimi nasema huyo mtu alaaniwe.

Ni tanzia ya kale sana. Mji wenye ukuta una chemchemi moja, na mfalme amemkabidhi Mlinzi ufunguo. Ukame unaingia. Wageni wanakuja na kuomba maji, na Mlinzi anawafungia nje. Kila onyesho linaisha kwa yeye kuwaambia watumishi wake neno moja: "Funga." Kati ya wale wageni yumo ndugu yake aliyepotea miaka mingi, naye anakufa kwa kiu akiwa ameegemea lango. Mlinzi anapomtambua ni asubuhi, na maiti imekwisha kupoa. Anautupa ule ufunguo kwenye chemchemi na kutoka mjini peke yake.

Nimelia kidogo, halafu nikakasirika. Mtu gani anasikia watu wakilia kwa kiu usiku kucha na bado analala?

Jumamosi, 9 Septemba

Baba yangu naye ni mlinzi wa maji. Sijawahi kumfikiria hivyo mpaka leo. Ndiye anayeendesha kisima cha mradi wa maji, kile cha kuchimbwa kwa mashine, chenye jenereta na pampu iliyo ndani kabisa ya shimo. Ana kamba ndefu yenye mafundo, na mwisho wake amefunga nati kubwa ya lori. Kila siku anaishusha kwenye kibomba cha pembeni, anaivuta tena, anahesabu mafundo yaliyolowa. Zamani yalikuwa kumi na mawili. Sasa asubuhi ni manane. Yakibaki matatu anazima jenereta, hata kama foleni bado ni ndefu, na anasema, "Kimelala. Tuonane kesho."

Watu hunung'unika. Baba ni mtu wa maneno machache, na leo nilipomtazama akifunga kufuli mbele ya akina mama wenye mitungi mitupu, nilijisikia vibaya kuwa binti yake.

Ijumaa, 15 Septemba

Siku ya filamu! Madam Mugure ameazima kanda mbili za tamthilia yetu, moja ya zamani isiyo na rangi, nyingine ya juzi juzi. Tuliketi watu sabini mbele ya televisheni moja. Kwa sababu ya mgao wa umeme tulijua tuna saa tatu tu, na darasa likapiga kelele kwamba tuanze na ya rangi. Madam akakubali shingo upande.

Mlinzi wa filamu ya rangi ni mtu mnene mwenye pete, anakula zabibu huku wageni wakilia nje. Akisema "Funga" anatabasamu. Tulimzomea mpaka mwalimu mkuu akaja dirishani. Ndugu yake alipokufa, wasichana wote walilia, na wavulana wakajifanya wana mafua.

Ile ya zamani ilianza, tukaona mwanzo tu, mtu mwembamba anatembea juu ya ukuta bila muziki wowote. Tulicheka. Kisha umeme ukapotea.

Jumatatu, 18 Septemba

Madam aliuliza: "Mlinzi ana hatia?" Nilisimama nikasema kwamba ana hatia kuliko ukame wenyewe, kwa kuwa ukame hauna macho na yeye alikuwa nayo. Nikasema sheria isiyojua kiu ni ukuta tu. Darasa zima lilipiga makofi. Sankale peke yake hakupiga.

"Wewe una shida gani?" nikamuuliza tulipoketi.

"Sina shida. Lakini si tunakosa page nane? Pengine huyo mzee alikuwa na sababu."

"Filamu imeonyesha kila kitu."

Madam alisikia. Akasema kwa sauti yake ile ya pole pole, "Ndanu, mtihani unatahini kitabu. Filamu ni mtu mwingine aliyesoma kitabu akakusimulia, na amekuachia yale aliyotaka." Aliahidi kutuletea nakala yake tunakili zile kurasa. Sikujali sana. Makofi yalikuwa bado masikioni.

Jumatano, 20 Septemba

Mafundo saba asubuhi. Mama amerudi kutoka shamba la maua akiwa na miba vidoleni. Ameoga kwa kikombe.

Jumamosi, 23 Septemba

Ya leo ni mengi. Lazima niyaandike yote kama yalivyokuwa.

Saa sita mchana, baba akiwa amekwisha kufunga, walifika ng'ombe thelathini na wanane kutoka Bisil. Mwenye ng'ombe alikuwa babake Sankale. Wanapeleka mifugo Nairobi kutafuta majani ya kando ya barabara, kama wengine wote mwaka huu. Sankale alikuwa amekwenda kuwapokea, naye alikuja mbele, viatu vya shule vikiwa vyeupe kwa vumbi. Ng'ombe walikuwa mifupa inayotembea. Ndama mmoja alilala chini mbele ya ua wa kisima na hakuinuka tena.

"Sopa," baba alisalimu kwa Kimaasai.

"Ipa," mzee akaitikia. Walishikana mikono kwa heshima.

"Mzee wangu," baba alisema, "leo kimelala. Nimetoa maji tangu alfajiri. Kesho asubuhi nitafungua mapema, saa kumi na moja, ng'ombe wako waanze kabla ya mitungi. Mnaweza ngoja?"

Mzee alitazama ng'ombe wake, akatazama ile kamba mkononi mwa baba. Sikusikia alichojibu kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuondoka kwa hasira. Nilichosikia kichwani mwangu ni neno moja tu, funga, kwa sauti ya yule mtu mnene wa zabibu.

Baba alikwenda Athi River kununua dizeli. Mama alikuwa kazini. Ufunguo huwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Nilisimama mbele yake muda mrefu. Nilijiambia kwamba kama binadamu mmoja tu angeuchukua ule ufunguo usiku ule, yule ndugu angeishi. Kisha nikauchukua.

Mzee alikuwa ameketi chini, ametandika shuka. Nikamwambia, "Baba ametuma neno. Amesema mnyweshe sasa."

"Musila mwenyewe?"

"Ndiyo, mwenyewe."

Alinitazama kidogo. "Basi ni sawa. Musila hawezi danganya mtu."

Jenereta najua kuiwasha, nimemwona baba mara elfu. Maji yalipoingia kwenye birika la mifugo, ng'ombe walitoa sauti ambayo sitaisahau. Mzee aliwapanga, ndama kwanza, kisha wenye maziwa, na kila mmoja alimrudisha nyuma kwa fimbo kabla hajashiba, ili wasidhurike. Sankale alicheka peke yake. Mimi nilikuwa na furaha ambayo sijapata kuwa nayo hata kanisani. Nilijiona nimesahihisha hadithi nzima.

Baada ya saa moja bomba lilikohoa. Likatoa tope, kisha hewa, kisha tope tena. Nilidhani limeziba. Mzee aliinuka akasema, "Msichana, zima. Kimechoka." Nikamwambia asubiri kidogo, bado kuna kumi hawajanywa. Nikaiacha jenereta ikinguruma. Pengine dakika ishirini. Ndipo ikaja harufu ya kitu kinachoungua, na sauti ya chini ikakatika kabisa.

Ng'ombe walipoondoka, mzee hakuniaga.

Baba alirudi saa kumi. Aligusa kisanduku cha swichi, akanusa kidole. Akashusha kamba, ikaenda, ikaenda, mpaka fundo la mwisho likafika kwenye kiganja chake. Alipoivuta ilitoka kavu yote, na nati tu ndiyo ilikuwa na tope. Akaizungusha mkononi taratibu, mzunguko kwa mzunguko, mpaka ikaisha. Kisha akatazama nyayo za ng'ombe, akatazama miguu yangu iliyojaa tope hadi vifundoni.

"Nenda uoshe miguu," akasema.

Hilo tu.

Jumapili, 24 Septemba

Kamati ya mradi ilikutana baada ya ibada. Pampu imeungua, haifai kwa lolote. Mzee Waweru, mwenyekiti, alimuuliza baba ni nani aliyefungua. Baba alisimama na kofia mkononi.

"Nilisahau ufunguo kwenye kufuli. Mimi sikuwepo. Sijui ni nani."

"Musila, miaka sita hujawahi sahau hata mara moja."

"Jana nilisahau."

Walimfuta kazi papo hapo. Nilikuwa nimeketi benchi la nyuma. Mdomo wangu ulikuwa mzima na sikusema kitu. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Jumatatu, 25 Septemba

Foleni ya punda wanaobeba maji kutoka Athi River.

Jumatano, 27 Septemba

Baba ameanza kazi machimboni, kupasua mawe ya kokoto. Amerudi mweupe kichwa hadi miguu kwa vumbi la mawe. Mama alimpangusa uso kwa kitambaa kikavu. Aliniuliza jikoni, "Ndanu, baba yako anasahau kitu kweli?" Nikasema sijui. Akaendelea kuchambua maharagwe. Nadhani anajua.

Jumamosi, 30 Septemba

Mama Katee, jirani yetu, alianguka njiani na mtungi kichwani, akavunjika mkono. Mtungi ulimwagika wote. Alikuwa ameutoa Athi River kwa miguu.

Jumatatu, 2 Oktoba

Sankale amerudi shuleni. Alikuwa Nairobi na ng'ombe. Watano wamekufa, waliobaki wanakula nyasi za kando ya lami. Amenipa karatasi nne alizoandika pande zote kwa mwandiko wake mdogo. Ni kurasa 61 hadi 68. Alizinakili kutoka kwa kitabu cha Madam Mugure kabla hajaondoka.

"Kabla usome," akasema, "niko na swali. Baba amesikia Musila alifutwa. Anauliza, kama alituma neno, mbona akasema alisahau ufunguo?"

Nikamweleza. Mara ya kwanza kumwambia mtu. Alingoja mpaka kengele ikalia na watu wote wakatoka.

"Ndanu, baba yangu alikuwa amekubali kungoja. Si ulimwona ametandika shuka? Sisi tunajua kisima hulala. Kwetu kila boma iko na zamu yake, na mtu akinywesha nje ya zamu anaitwa mwizi. Hajawahi itwa hivyo maisha yake yote." Akachukua mkoba wake. "Wewe ndiye umemfanya mwizi, na yeye hajui bado."

Nilizisoma zile kurasa nikiwa peke yangu darasani. Ni onyesho la tatu. Mlinzi anampeleka mfalme kwenye chemchemi na kutumbukiza fimbo yenye alama. Anamwonyesha kwamba maji yakishuka chini ya alama ya mwisho, mshipa utakauka na hautarudi tena, na mji wote utakufa, walio ndani na walio nje. Anasema anawajua wale wanaolia ukutani kwa sauti zao. Anasema yeye usiku halali. Anapiga magoti na kumwomba mfalme ampe mtu mwingine ufunguo, na mfalme anakataa, kwa sababu hakuna mwingine atakayeweza kusema neno lile na kulisema tena kesho yake.

Aliyetengeneza ile filamu ya rangi alizikata kurasa hizi zote akatia zabibu mahali pake. Lakini hakuniambia niuchukue ufunguo. Hilo nililifanya mimi.

Ijumaa, 6 Oktoba

Umeme ulikuwepo. Madam alituonyesha ile kanda ya zamani hadi mwisho. Hakuna aliyecheka. Yule mtu mwembamba anaishusha fimbo majini, na kwa muda mrefu hakuna sauti nyingine ila fimbo ikikwaruza jiwe. Kisha anaitoa na kuitazama. Uso wake ni uso wa baba yangu siku ile alipovuta kamba kavu. Nilitoka nje.

Madam alinifuata akanishika bega. "Bado unasema ana hatia?"

"Sijui, Madam. Mimi ndiyo niko na hatia." Hakuelewa, nami sikumfafanulia.

Jumanne, 10 Oktoba

Kanisa moja la Nairobi limetoa pampu mpya. Jumamosi kamati itachagua mwendeshaji. Jina la baba halimo. Watu wanamwita Msahaulifu, hata watoto.

Jumamosi, 14 Oktoba

Mkutano ulikuwa kwenye ukumbi wa chekechea, watu wazima wamekalia viti vidogo, magoti yamefika kifuani. Baba alisimama karibu na mlango, kwa sababu bado yeye ni mwanachama. Babake Sankale naye alikuwepo. Amesafiri kutoka Nairobi kuja kuuliza swali lake mwenyewe. Sikujua atakuja. Niliapa jana kwamba nitasema, na nilipomwona nusura nikimbie.

Mzee Waweru alipouliza kama kuna mwenye neno, mzee wa Bisil na mimi tulisimama pamoja. Yeye akanipisha kwa mkono.

Nikasema yote. Msumari, ufunguo, uongo, ile harufu ya kuungua. Nikasema mzee huyu alikuwa amekubali kungoja, mimi ndiye niliyemwambia baba ameruhusu, na hata aliponiambia nizime sikuzima. Nikasema baba hakusahau kitu, alinifunika. Sikulia. Nilidhani nitalia.

Kisha Mama Katee, mkono ukiwa kwenye kitambaa, akasema, "Ni wewe?" Hakuongeza neno lingine. Afadhali angenipiga.

Babake Sankale alikwenda mpaka mlangoni alikosimama baba, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Nilijua hukutuma neno," alisema. "Neno lako lingekuja na wewe mwenyewe. Lakini ng'ombe walikuwa na kiu, na mimi nikataka kuamini."

Mzee Waweru alisema yaliyosemwa yamesikika, jina la Musila limesafishwa, lakini kazi ya kisima haiwezi kurudi kwenye nyumba ambamo ufunguo ulitoka. Wakamchagua Maina, mpwa wa mwenyekiti, kijana wa ishirini na mbili. Hakuna aliyebisha. Baba pia hakubisha.

Njiani kurudi nilimwambia baba nisamehe. Alitembea hatua nyingi.

"Ungenyamaza tu. Ilikuwa imeshaisha."

"Haikuwa imeisha, baba."

Akaitikia kwa kichwa. Baadaye akauliza, "Huyo mlinzi wa kitabu chenu, yule uliyemsimulia mama yako. Alipima na nini?"

"Fimbo yenye alama."

"Fimbo ni sawa kama maji yako karibu," akasema. "Yakiwa mbali unahitaji kamba."

Alhamisi, 19 Oktoba

Mawingu. Basi.

Jumanne, 24 Oktoba

Mvua! Nusu saa tu, lakini mabati yaliimba. Mama alitoa hata vikombe nje. Bwana Irungu alikusanya shajara, akaangalia tarehe, akarudisha. Ameniuliza mbona Septemba nimeandika kurasa nyingi siku moja. Nikamwambia nilikuwa na kazi.

Jumamosi, 28 Oktoba

Maina alikuja nyumbani asubuhi, kofia mkononi. Pampu mpya imefungwa, watu wamepanga foleni tangu giza, na yeye hajui aache ivute mpaka lini. Mvua moja haijazi kisima. Alisema, "Mzee, nisaidie. Naogopa kuichoma."

Baba aliitoa kamba chini ya kitanda. Akamtazama Maina, akanitazama mimi, na akanipa mimi.

Tulikwenda watatu. Watu walitupisha njia. Nilishusha nati kwenye kibomba kama alivyonionyesha, polepole, nikisikiliza, mpaka kamba ikalegea. Nikaivuta. Mafundo sita yalikuwa yamelowa. Maina akawasha. Mitungi ikajaa, mmoja mmoja, na kila baada ya robo saa nilishusha tena. Matano. Manne. Mikono yangu ilikuwa na malengelenge, na baba alikuwa amesimama nyuma yangu bila kunigusa.

Niliposhusha mara ya mwisho, foleni ilikuwa bado na watu kumi na mmoja. Wa mbele alikuwa Mama Katee, ameshika mtungi kwa mkono mmoja ulio mzima.

Nikavuta. Nikahesabu mara mbili.

"Mangapi?" baba akauliza.

"Matatu."

Maina alikuwa ameweka mkono kwenye swichi, macho kwangu. Mama Katee naye alinitazama.

"Ndanu," akasema, bila ukali wowote, "huu mmoja tu, mwanangu. Mmoja tu."

Nilitamani baba aseme yeye. Nikageuka nikamwona, anangoja kama kila mtu. Vumbi la mawe lilikuwa bado kwenye nyusi zake.

"Mama, uje kesho saa kumi na moja," nikamwambia. "Utakuwa wa kwanza. Nitakubebea mimi mwenyewe mpaka kwako."

Kisha nikamgeukia Maina.

"Funga," nikasema.